Usiache Ikauke

Bisibisi ilizama udongoni mpaka kwenye mpini, na Parmuat alikuwa ameisukuma kwa vidole viwili tu. Akaichomoa, akainusa, kisha akampa Shiro naye anuse. Ilinuka yai viza.

"Hii nyasi haina kiu," akasema. "Inakufa na maji. Hii udongo nyeusi haipitishi, inakunywa na kukaa nayo. Ukitaka kujua kama nyasi inataka maji, dunga na bisibisi. Ikikataa kuingia, mwagilia. Ikiingia hivi, wachana nayo."

Parmuat alikuwa mtunza bustani kutoka Kisaju, mtu wa maneno machache, na hayo kwake yalikuwa hotuba. Shiro akautazama ua wa mama yake hapo Kitengela. Nyasi zilikuwa manjano, na matope yake yalimvua mtu kiatu bila adabu. Mama yake, Waithera, alizimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Juzi aliteleza kwenye matope hayohayo akategua kifundo cha mguu, na daktari akamwamuru apumzike kitandani wiki tatu.

"Mimi nimemwambia apunguze mpaka nimechoka," akasema Parmuat.

Nani wa kumwambia zaidi? Nyasi zile alizipanda mahali palepale alipofia mumewe, Joram, wiki mbili baada ya kumzika. Majirani walisema mapenzi ya namna hiyo hayapo tena. Shiro naye aliona ni mapenzi, akanyamaza.

Alikuwa pia na sababu yake ya kunyamaza. Jumamosi moja ya kiangazi, miaka miwili iliyopita, alitoka kwake Nkoroi kuja kuwasafishia wazazi nyumba. Alipangusa meza, akakusanya takataka, lori likapita likazichukua. Alasiri pumu ikamshika baba yake akiwa kwenye kiti chake uani, enzi hizo ua ukiwa udongo mtupu uliopasukapasuka kwa jua. Inhela yake ya bluu, iliyokuwa ikikaa pale mezani, haikuonekana. Mama alipindua matakia ya sofa, akamwaga droo zote sakafuni. Baba alikufa macho yakiwa mlangoni, akiisubiri.

Kwenye matanga, baba yake mdogo, Gakuru, aliuliza ni nani aliyeigusa ile meza. Mama alimshika Shiro mkono, akajibu kwa upole, "Msimlaumu mtoto. Alikuwa anasafisha tu."

Tangu siku hiyo Shiro hakujua usingizi mtamu. Na kila mama yake alipofungua bomba, mpira ulitoa hewa kwanza kabla ya maji, ukikoroma na kupiga mluzi, na Shiro alimsikia baba yake akitafuta pumzi. Mwanamke mzima, alikuwa akiingia jikoni na kuziba masikio.

Kwa hiyo safari hii, alipokuja kumuuguza, alidanganya. Alimwahidi mama kwamba atamwagilia, kisha akauchomoa mpira bombani na kuutupa nyuma ya tangi.

Kila asubuhi alimkuta mama ameketi kitandani akifunga vidonge vyake kwenye pembe ya hanchifu, mafundo mawili, kama alivyofunga ufunguo, sadaka na kila kitu alichotaka kisipotee. Alifunga polepole, maana kidole chake cha mwisho kilikataa kunyooka tangu, kama alivyowaambia watu, alipoanguka bafuni, Joram angali hai.

"Umemwagilia ile kona ya kiti cha baba yako?"

"Nimemwagilia, Mum."

"Mbona sijasikia mpira?"

"Nimetumia ndoo."

Mama alikaza fundo la pili. "Usiache ikauke, Shiro. Tafadhali. Ikikauka, baba yako hatatulia."

Shiro alitoka chumbani. Hata hivyo hakugusa bomba.

Wiki ya pili bisibisi iliishia nusu. Manjano yalianza kurudi nyuma na kijani kikachungulia. Parmuat alizunguka ua akichekacheka peke yake.

"Na hii mipasuko?" Shiro akamuuliza.

"Hiyo ni kawaida. Hii udongo ikikauka lazima ifunguke, ukiweka maji inajifunga. Panga yangu iliwahi kuingia kwa ufa nikaisahau. Kiangazi ile ingine nikaiona imetoa kichwa." Akapangusa bisibisi kwenye suruali. "Siku ikikataa kuingia, ipatie maji mara moja, ishibe kabisa. Halafu uiwache tena."

Siku ya ishirini bisibisi iligoma. Shiro alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Aliuburuta mpira kutoka nyuma ya tangi, akauchomeka bombani, akaenda na ncha yake mpaka kwenye kona ya kiti. Hapo ardhi ilikuwa imefunguka ufa wa kuingiza mkono.

Ndani yake kulikuwa na kitu cha bluu.

Alipiga magoti. Ulikuwa mdomo wa inhela.

Basi ilianguka! Ilimponyoka baba mfukoni akiwa amekaa palepale, ufa ukaimeza. Haikuwa kwenye takataka. Haikuwa mikono yake. Miaka miwili alikuwa amembeba baba yake mgongoni bure, na sasa alilia kwa sauti, akacheka, akalia tena.

"Mum!" akaita. "Mum, njoo uone! Si mimi! Si mimi niliyeitupa!"

Alisikia mlango ukifunguka na hatua za mtu anayechechemea. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaishika inhela, akavuta. Ilikwama kidogo, kisha ikatoka pamoja na kitambaa kilichokuwa kimeifunika: hanchifu iliyooza na kutoboka, imefungwa mafundo mawili.

Nyuma yake bomba lilifunguliwa, na mpira ukaanza kukoroma.