Ndala za Kufungulia Friji

Friji la Bi Siwema lilikuwa linapiga shoti, kwa hiyo ndala za marehemu mumewe zilikaa pale chini, za kuvaa kabla ya kulifungua. Mjukuu wake alipolishika pekupeku likamrusha, Bi Siwema akaita fundi umeme. Aliitazama leseni ya fundi, akamtazama dada wa watu usoni, ndipo akamkaribisha.

Fundi Tunu alizima umeme wa nyumba nzima, akafunga waya wa ethi wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, akawasha, akapima.

"Sasa fungua hata pekupeku, mama."

Bi Siwema akashika mlango, akafungua. Ulikuwa baridi tu.

"Nizitupe hizi?" Tunu aliziinua ndala.

"Hebu zirudishe, mwanangu."

Akazivaa. Vidole vyake vikatafuta vishimo vilivyochimbwa na vidole vya mumewe, vikatulia humo, akafungua tena.