Kikundi Kimehama Tena

Mlango wa darasa ulikuwa na kufuli. Oliva aliusukuma hivyo hivyo, kisha akausukuma tena kwa bega.

"Wamehama," alisema Hilda, mfagiaji wa shule, bila kuacha kufagia.

"Wamehama tena?"

"Tena."

Kabla ya hapo walikuwa ukumbi wa kanisa. Kabla ya ukumbi, ghala la alizeti kule Jorodom. Kote huko Oliva alifika akakuta viti vimeegemezwa ukutani na harufu ya chai. Kikundi gani hiki cha kusaidia watu waache pombe, kinachohamahama kama kinatafutwa na polisi?

"Kwa nini wanahama?"

Hilda akakitazama kikapu cha Oliva, kisha akautazama ufagio wake. "Mimi nafagia tu, mama. Walisema hapa hawana amani."

Oliva alitoka getini amekasirika hadi masikio yanamwaka. Katesh hii ukitaka pombe, mtoto wa chekechea atakuelekeza. Ukitaka kuiacha, mji mzima unajifanya mgeni.

Angeweza kurudi nyumbani, lakini nyumbani hakukuwa na Brightness. Mjukuu wake alichukuliwa na mama yake, Irene, akapelekwa Basotu. Ilikuwa baada ya ile jioni Oliva alipolala amelewa chakari, moto mkubwa wa uani ukiwaka, na mtoto akaungua mkono. Irene hakugomba, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema tu, "Mama, siku wale watu wa kikundi wakiniambia kwamba umekaa nao, nitamrudisha."

Sasa utakaaje na watu wasiokaa mahali pamoja?

Karibu na soko akamwona Evarist. Zamani walikunywa pamoja, Evarist huyu, mpaka mke akamkimbia. Leo shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na mkononi alibeba chupa kubwa ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaenda kikundini?"

"Hapana. Naenda kwa shangazi."

"Na chai yote hiyo?"

"Shangazi anapenda chai."

Alikuwa ameanza kurudi nyuma, kiganja amekiweka puani kama mtu anayejikuna.

"Kwani nanuka?" Oliva akauliza. "Khanga hii nimeifua kwa sabuni ya unga. Tangu juzi sijatia hata tone mdomoni."

"Sijasema unanuka, mama."

"Evarist, wamemchukua mjukuu wangu. Nielekeze tu, mwanangu. Nitakaa nyuma kabisa."

Evarist akafumba macho. Kwa kitambo Oliva alidhani atasema.

"Nisamehe, mama," alisema, akaondoka karibu anakimbia, chai ikichuruzika chini ya kifuniko.

Huyo ndiye Evarist! Alipokuwa anaanguka mtaroni, nani alimwinua? Oliva. Nani alimfunika blanketi mvua ikinyesha, akamwacha alale barazani hadi kupambazuke? Oliva huyu huyu. Leo ameokoka, amenyoosha shati, na aliyemfunika blanketi hafai hata kuonyeshwa mlango. Machozi ya hasira yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga, akaanza kumfuata kwa mbali.

Evarist alizunguka nyuma ya mashine ya kusaga, akapita kwenye shamba la mahindi, akaingia katika nyumba ambayo haijaezekwa. Oliva akasimama nje, mkono ukutani. Ndani mtu alikuwa anazungumza.

"Naitwa Hermani. Wiki hii nilipita njia ile ile ya siku zote, na sikuingia."

Wakapiga makofi. Hawa hapa. Hatimaye hawa hapa. Akajitengeneza kilemba, akaingia.

Makofi yakakatika. Kikombe cha mtu kikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kukiokota. Mwenyekiti wao, Mzee Sulle, akainuka taratibu.

"Mama Irene," alisema. "Kikapu kiache nje."

"Kina sweta tu!" Oliva akakipindua mbele yao wote. Sweta dogo la mtoto likaanguka vumbini. "Ni la Brightness. Nimekuja kuacha kunywa, kama ninyi. Mbona mnanihama? Mimi si mtu?"

Kule pembeni Hermani alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. Mzee Sulle akaliokota lile sweta, akalikung'uta, akamrudishia Oliva. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kuacha kunywa tumekusikia, mama, na Mungu akusaidie," alisema. "Na kupika je?"

Oliva akawatazama. Evarist alikuwa karibu na mlango, Hermani mgongo ukutani, Mzee Sulle katikati: walikuwa wamejipanga vile vile walivyozoea kukaa kwenye mabenchi ya uani kwake, kila mteja mahali pake. Na pipa la pombe ya jioni alikuwa ameliacha motoni.