Nakala ya Nne

Siku ya kwanza kurudi kazini baada ya msiba, Bwana Akiba hakusalimia mtu. Alipita mapokezi, akachukua funguo za chumba cha seva, akajifungia ndani.

Jina hilo alipewa na wenzake, nusu utani, nusu heshima. Yeye ndiye aliyetunza nakala za kila kitu cha kampuni: hesabu, mikataba, barua, hata video za kamera za uani. Kila mfanyakazi mpya alisomewa wimbo uleule: kitu kilichohifadhiwa mahali pamoja hakijahifadhiwa. Weka kimoja hapa, kimoja tawini, kimoja mtandaoni. "Akiba haiozi," alikuwa akimalizia, nao wakimwiga sauti akishageuza mgongo.

Sasa alilitaka faili moja tu: video ya uani ya siku ya mwisho ya mdogo wake kazini. Mdogo wake alikuwa mpanga mizigo hapohapo uani, mtu wa mzaha usiokwisha, lakini picha hakuzipenda hata kidogo. Ukiinua simu tu, ameshakupa kisogo. Nyumbani ilibaki ya kitambulisho, na moja ya harusi ambayo amefumba macho. Meneja alishasema uchunguzi umefungwa, video haina kazi tena kwa kampuni, afanye nayo anavyotaka.

Alitoka mikono mitupu.

"Umeipata, kaka?" dada wa mapokezi aliuliza.

"Humu haimo tena."

"Jamani! Lakini wewe na nakala tena? Haiwezi kukosekana. Utamwona tu, Mungu yupo."

Aliitikia kwa kichwa. Alijua anapaswa kuhisi kitu, hata hasira. Hakuhisi. Tangu mazishi moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakuwa na haraka ya kuuamsha.

Kesho yake alikwenda tawini. Mlinzi alimtazama, akamtazama tena.

"Wewe si kaka yake yule mchekeshaji? Kila akija na gari la mizigo ananiambia mkuu ananiita. Nikifika, mkuu ananishangaa!" Alicheka, kisha akakumbuka, akaacha. "Pole, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nimeshapoa, mzee."

Diski ya tawi ilikuwa kwenye kabati la chuma. Alifanya kazi yake akiwa amesimama, akairudisha diski mahali pake, akafunga, akautikisa mlango kuhakikisha, kama kawaida yake. Mlinzi alimtazama usoni, akamfungulia geti. 

Ya mtandaoni ndiyo iliyokuwa na ubishi. Watu wa kukodisha hifadhi walimhoji kama mwizi, wakadai sahihi ya meneja, wakamwambia asubiri. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: faili hilo halipo tena kwenye hifadhi yao yoyote, na haliwezi kurejeshwa. Dada wa mapokezi alilisoma akiwa nyuma ya kiti chake, akajifuta machozi kwa kiganja. Yeye alizima kompyuta, akaenda kula.

Jioni alipita kwa mama yake, ambako shemeji yake, mke wa marehemu, alikuwa amehamia na binti yake mdogo. Mama alikuwa kitandani, taa inawaka ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Tangu siku alipoitwa ofisini na wachunguzi, hakutaka kukaa gizani.

"Mtandaoni nako haimo tena, mama."

"Bado wapi?"

Alikuwa anataka kusema hakuna. Mdomo ulishafunguka. Ndipo alipokumbuka, na jasho likamtoka.

Mtu anayehubiri nakala tatu huwa na ya nne. Yeye alikuwa na diski yake mwenyewe, isiyojulikana na meneja wala mtu yeyote, ambayo kila mwisho wa wiki aliijaza na kuileta mahali ambapo wala moto wala mwizi wa ofisini asingefika. Hata jioni ile ya msiba, kichwa kikiwa hakipo, mikono yake ilifanya ilichozoea. Ilinakili, ikaleta, ikaficha.

"Iko humu ndani," alisema. "Kwenye kabati lako."

Mama aliinuka, akaketi kitandani. Shemeji alimpa binti yake bakuli alirudishe kwa jirani, akamsubiri atoke, kisha akafunga mlango kwa ufunguo.

Ilikuwa chini ya mashuka. Muda wote huo mama alikuwa akilala hatua chache kutoka hapo. Bwana Akiba aliiunganisha na kompyuta yake, akapita folda baada ya folda mpaka akalifikia jina la kamera ya uani na tarehe ile.

"Ipo," alisema. "Nzima."

Shemeji aliketi sakafuni. Na Bwana Akiba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alihisi kitu: hamu ya kuifungua aitazame, japo mwanzo wake tu. Ndani ya faili lile mdogo wake alikuwa anatembea, pengine anamtania mtu. Hapakuwa na picha nyingine yoyote ambamo alitembea.

"Hakuna nyingine tena?" mama aliuliza. "Una hakika?"

"Hakuna, mama. Duniani imebaki hii tu."

Mama alimwekea mkono begani.

"Basi futa na hii, baba. Niliyeiona mimi natosha. Mjukuu wangu asije akamwona baba yake akifa."