Mikono Miwili Juu

"Aaa! Mama yangu!" Kuroiwa alipiga yowe, na kumbe mkono wake wa kulia ulikuwa umefika kifuani tu.

Uchaguzi wa baraza la mji ulibaki miezi miwili. Alishaangushwa mara mbili, na safari hii akianguka ndiyo basi tena, umri umekwenda. Akishinda, desturi inajulikana: mikono yote miwili juu, kelele za ushindi, "Banzai!", mara tatu, mbele ya watu. Mshindi wa kuinua mkono mmoja nani amewahi kumwona? Na bega ndilo hilo, limeganda kama mlango uliovimba kwa mvua.

Hospitalini, Bi Nagisa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alilikanda kwa taulo la moto, akamfundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui. "Taratibu, mzee wangu. Ukililazimisha linanuna."

Mji wa jirani, Gondo mvuta viungo aliangua kicheko. "Buibui! Utapona ukishazikwa." Akamwekea goti mgongoni, akavuta.

Kuroiwa hakujua amwamini nani, masikini. Akaenda kwa wote wawili, huku akimficha kila mmoja kwamba bado anakwenda kwa mwenzake.

Jumapili ya uchaguzi, mkewe Michiyo alimkuta asubuhi uso ukutani, vidole vinapanda. "Baba Chika, mimi natangulia kupiga kura."

"Tangulia, tangulia. Sabini na nane, sabini na tisa..."

Mchana Gondo alimfungulia yeye peke yake. Akamvuta, akamkanda, akamvuta tena. Kuroiwa alitoka huko giza limeshaingia, machozi yamemkaukia mashavuni, akaenda moja kwa moja kulala.

Kura zilihesabiwa kesho yake asubuhi. Watu walijaa sebuleni, pombe iko tayari. Simu ikaita: kiti cha mwisho, Kuroiwa na Inoguchi wamelingana. Mia nne kumi na mbili kila mmoja. Kisheria, majina mawili yanatiwa kwenye sanduku, msimamizi anachomoa moja.

Kuroiwa alisimama. Simu ikaita tena.

Inoguchi.

Kuroiwa akajishika kichwa kwa mikono miwili, na hapo ndipo aliposhtuka. Wa kulia ulikuwa umepanda, hauumi. Akaunyoosha. Ukaenda juu kabisa, ukagusa taa.

"Hivi, Baba Chika," Michiyo akauliza polepole, "jana wewe ulikwenda kupiga kura saa ngapi?"