Bi Tabu wa Somo la Tatu

Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kumpa mfiwa pole kabla hajafaulu kozi ya mtandaoni, na kozi yenyewe aliiandaa Saumu. Mamake, Bi Nunuu, alipofariki, jamaa walikuja na vyeti vyao.

"Pole, mwanangu. Bi Tabu ametutangulia tu," alisema mama mdogo.

Saumu akashtuka. Bi Tabu lilikuwa jina la mfano, alilolibuni mwenyewe kwenye somo la tatu.

"Mama mdogo, ni Nunuu! Dada yako wa tumbo moja!"

"Nikibadilisha hata neno, watanifutia cheti," akanong'ona, machozi yakimtiririka.

Mume wa Saumu naye akamlilia Bi Tabu. Kufikia arobaini, Saumu alikuwa akiitikia "Amina" bila kusita kila Bi Tabu alipoombewa dua. Kaburini akasoma jina la Nunuu, akabaki akijiuliza amefiwa na nani.