Mchoro wa Bibi Dominika

Kwa kuchora, Bibi Dominika hakuwa na mpinzani Sumbawanga nzima. Angempata wapi, na penseli yenyewe aliishika mara ya mwisho darasa la nne?

Karatasi ya tatu hiyo, anaifinyanga anaitupa chini. Jogoo wake wa shingo tupu katoka kama birika, tena birika lenye miguu.

Mwandishi wa vitabu vya watoto, Edith, alikuwa amewakusanya mabibi kwenye ukumbi wa Majengo wachore wenyewe hadithi wanazowasimulia wajukuu. Mchoro mmoja tu ungeingia kitabuni. Dominika alikwisha kuitangazia jumuiya yote kwamba ni wake.

"Bibi, usilazimishe," Edith alimwambia. "Chora kitu unachokiona kila siku."

"Kila siku naona moshi, mwanangu. Nikuchoree moshi?"

Mabibi wakacheka. Coleta, wa nyumba ya tatu kutoka kwake, hakucheka. Alikuwa ameinamia karatasi tupu.

"Mimi kila nikishika penseli namwona yule tetea wangu mwekundu, wa kidole kilichopinda. Kaondoka Pasaka, leo mahindi yamevunwa, bado namlilia."

"Usijitese, dada," Dominika alimwambia. "Mwewe nilimwona kwa macho yangu haya. Alimbeba, akashika njia ya Ilemba."

Dominika akapapasa mfukoni kutafuta kifutio, akaibuka na chenga za ulezi. Akazirudisha upesi. Saa zinakwenda, karatasi nyeupe, na jumuiya inamsubiri imcheke! Akafumba macho, akakumbuka alivyoiacha nyumba asubuhi.

Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Mkia. Bawa lililotanda. Kidole kilichopinda. Hakufuta hata mstari mmoja.

Edith akaiinua karatasi juu. "Mabibi, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta! Hiki kinaingia kitabuni!"

Makofi yakalia. Dominika akajitanda khanga upya, kama bibi harusi.

Coleta akasogea, machozi yakimlengalenga. "Umemchora kuku wangu, Dominika. Kunifariji mimi?"

"Nani mwingine, dada? Nimemchora kwa kumbukumbu tu. Tangu siku ile ya mwewe sijamtia machoni."

Coleta akapitisha kidole juu ya karatasi, taratibu, mpaka chini ya bawa. Midomo yake ikawa inahesabu.

"Vifaranga saba," alisema. "Shingo tupu wote, kama jogoo wako. Na mwewe alimchukua hajataga hata yai moja."