Kabla ya Kiitikio

Uvumi ulisema hivi: mtoto aliyetiwa pepo, mwimbie wimbo wa Mungu, atakimbia.

Kavetsa alikuwa akisonga ugali wakati Kanini, jirani yake, alipomletea uvumi huo, na tangu hapo haukumtoka kichwani.

"Mama Annet, kule Kawangware msichana wako anaenda kila Jumamosi, ati kufunzwa kuchora? Wee! Wanachora shetani. Wakimaliza wanaambiwa wageuze karatasi, waandike siri zao zote nyuma. Hiyo ndiyo sahihi yenyewe ya kumpa shetani roho."

"Annet wangu?"

"Kwani ulishamwimbia?"

Mwiko ulibaki umesimama ndani ya sufuria. Kavetsa hakuwa mwanamke wa matusi kama wapangaji wengine wa ploti yao. Kutwa alifulia watu nguo mtaa wa Ayany, jioni akarudi Kibera, na moyo ukimchemka, aliimba tu. Na kweli, mwaka huo wote, akianza kuimba, Annet huweka chini alichoshika akateleza mlangoni kama paka. Siku hizi hata haongei. Anajibu kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata alivuka hadi Kawangware na akina mama wawili wa kanisa, na chupa ya mafuta taa. Njia nzima aliimba chini kwa chini.

Walikuta kibanda cha mabati kimejaa watoto walioketi sakafuni, kila mmoja na kipande cha mfuko wa saruji alichokichora kwa makaa. Kimya. Wote wameinama, wanaandika nyuma ya michoro yao. Annet alimsikia mama yake kabla ya kumwona. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga bati.

"Mnaona?" Kavetsa akawageukia wenzake. "Ameogopa wimbo!"

"Mama, pole pole," akasema mwalimu, kijana aliyeitwa Wekulo, vidole vyeusi kwa makaa.

"Pole pole na nani? Unafunza nini hawa watoto?"

"Wanachora kwanza. Halafu wanajiuliza, mimi nimeona nini hapa? Wanaandika. Mtu hujijua hivyo."

"Mtoto wa darasa la tano ajijue aende wapi? Leta karatasi ya Annet."

"Hiyo ni yake. Hata mimi siisomi mpaka akubali."

"Siri na mtoto wa watu! Mmesikia kwa masikio yenu?"

Kavetsa akampiga kikumbo, akainyakua karatasi. Lilikuwa jitu lisilo na macho, mdomo wazi kama pango, mkononi limeshika rungu bapa. Chini yake, kitu kidogo kimejikunja. Akina mama wakakemea kwa jina la Yesu. Mmoja akafungua chupa.

"Ngojeni," akasema Kavetsa. "Mimi nilifika darasa la saba. Nasoma yote, kila mtu asikie, ndio tukichoma tuwe na ushahidi."

"Mama, wacha," akasema Annet. Lilikuwa neno lake la kwanza wiki hiyo.

"Sasa unaongea!"

Kavetsa akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti yake ya kanisani:

"Nilipoanza kuchora nilidhani ni zimwi. Nilipomaliza mkono, nikaujua. Pia nilidhani mimi ni mwoga. Kumbe ninajua kujikinga. Mambo ya kuepuka:

Usiunguze ugali.

Usiulize baba atarudi lini.

Usicheke akitoka Ayany, mikono inamwasha na sabuni.

Usilie, anaongeza.

Akishika mwiko, usikae upande wa ndani.

Akianza kuimba, toka kabla ya kiitikio."